Imeanza Lini? Kutafuta Chanzo cha Miguu Mizito Kwenye Sahani ya Mkimbiaji

"Kocha, leo miguu imekataa." Lalamiko hilo nalisikia kuliko yote, na jibu langu huwa ni swali: imekataa saa ngapi? Dakika ya 15? Kilomita ya 30? Au imekataa tangu Jumatano iliyopita? Mkimbiaji hushangaa, maana alitegemea niulize habari za viatu. Lakini kwenye mambo ya chakula, wakati dalili inapojitokeza ndio unaokuonyesha pa kutafuta. Kinachokulegeza mwanzoni mwa mazoezi umekila asubuhi ileile. Kinachokuzima baada ya saa moja na nusu ni sahani ya jana. Miguu mizito ya wiki nzima ni hesabu ya wiki nzima, na mfupa uliopata ufa ni deni la miezi.

Nyuma ya karibu yote hayo kuna kosa moja: mazoezi yanabadilika kila siku, sahani haibadiliki. Kwa makadirio, kukimbia hugharimu kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 60 akikimbia kilomita 30 siku ya Jumamosi anateketeza kama 1,800. Jumapili akipumzika, hakuna. Tofauti ya siku hizo mbili ni sawa na nusu kilo ya unga mkavu wa mahindi. Sasa chungulia alichokula: ugali uleule, mboga ileile, na pengine Jumapili amekula zaidi kwa sababu yupo nyumbani na pilau limepikwa.

Kabla ya kulaumu sahani, pima. Homa, kutetemeka, viungo kuuma au kuharisha kusikoisha ni mambo ya zahanati. Nimeona kijana akiongezewa ndizi na asali wiki nzima, kumbe ana malaria.

Halafu tafuta daftari. Andika kilomita, kazi nyingine ulizofanya, ulichokula na saa uliyokula, na uzito wa asubuhi ukishatoka msalani. Siku kumi zinatosha kuanzia. Bila hilo tutakuwa tunapiga ramli.

Vipimo vya kushika mkononi

Wanga ndio unaopanda na kushuka kufuata mazoezi. Siku ya kupumzika au ya mbio nyepesi fupi, gramu 3 hadi 5 kwa kila kilo ya mwili. Siku ya mazoezi ya kama saa moja, 5 hadi 7. Siku ya saa moja hadi tatu za kazi ya kweli, 6 hadi 10. Protini haichezi sana: gramu 1.2 hadi 2 kwa kilo, iwe Jumamosi au Jumapili, na anayekula maharage, dagaa, mayai au maziwa kila siku huifikia bila kununua unga wa kopo.

Gramu 100 za unga wa mahindi mkavu zina wanga kama gramu 75. Mchele mkavu gramu 100, kama 80. Ndizi mbivu ya wastani, 25. Kijiko cha chai cha sukari kilichofutwa juu, 4. Pima mara moja kwa mizani ya duka la jirani, uone kikombe chako cha nyumbani kinabeba unga gramu ngapi, kisha usipime tena.

Unalegea mapema, kisha unarudi

Dakika ya 15 magoti yanakuwa maji, jasho la baridi, kizunguzungu kidogo. Dakika ya 30 umepona, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mara nyingi umekunywa chai ya sukari nyingi au soda dakika 30 hadi 60 kabla ya kuanza. Sukari imepanda, insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu) ikapanda kuifuata, na misuli nayo ikaanza kuvuta sukari wakati huohuo. Haiwapati watu wote. Kama inakupata wewe, kula saa mbili au tatu kabla. Kama unaanza saa kumi na moja alfajiri na huwezi kuamka saa nane kupika uji, kunywa hicho kitamu ukiwa tayari umefunga kamba za viatu, dakika tano kabla ya kuondoka.

Tumbo

Kichomi kinachokuja mapema mara nyingi ni tumbo lililojaa: kikombe kikubwa cha uji au maji mengi ya mkupuo ndani ya saa moja au mbili kabla. Punguza, kunywa kwa mafunda.

Kusokotwa na kukimbilia kichakani kilomita ya 12 ni habari nyingine. Angalia mlo wa jana jioni na wa leo asubuhi: maharage, kabichi, matembele mengi, chapati na vitumbua vya mafuta, maziwa kwa ambao matumbo yao hayayapendi. Vyote ni vyakula vizuri vilivyokosea siku. Hapa nitasema jambo litakalowaudhi watu wa afya: usiku wa kuamkia mbio ndefu, kula ugali wa sembe, si wa dona. Wali mweupe, viazi mviringo, mkate mweupe. Dona irudi kesho yake mchana.

Unazima baada ya dakika 90

Huu si uchovu wa kawaida. Mwendo unashuka ghafla, mawazo yanakuwa mazito, unakasirika bila sababu, unaanza kuhesabu nguzo za umeme. Misuli hutunza wanga kwa jina la glaikojeni, kwa mkimbiaji aliyeshiba vizuri kama gramu 400 hadi 500, na ini lina kama 100 nyingine. Jumla ni kama kilokalori 2,000. Kwa mtu wa kilo 60 anayekimbia kwa kasi ya mashindano, hesabu inaishia kwenye kilomita za thelathini. Akianza na ghala nusu, inaishia kabla ya kilomita ya 20.

Kutofautisha ni rahisi. Kunywa kitu kitamu, punguza mwendo, subiri dakika kumi hadi kumi na tano. Ukifufuka, ulikosa wanga. Usipofufuka, shuku kasi uliyoanza nayo, joto, au maji. Wanaoanza Kilimanjaro Marathon pale Moshi kwa kasi ya baridi ya Arusha wanajua ninachosema: jua likishapanda, ghala lililojaa halikuokoi.

Ikiwa ni wanga, sababu ni mbili, na huwa zinakuja pamoja. Jana ulikula sahani ya siku ya mapumziko. Na leo njiani hukula kitu. Kwa mbio za saa moja hadi mbili na nusu, lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Kwa zilizo ndefu zaidi, unaweza kupanda hadi 90 ukishazoea. Kinywaji cha nyumbani: lita moja ya maji safi, sukari vijiko vya chai 15 vilivyofutwa, chumvi robo kijiko cha chai, na ndimu kwa ladha. Sukari ya kawaida ni nusu glukosi na nusu fruktosi, mchanganyiko unaokaribiana na ule unaouzwa ghali kwenye vipakiti vya wakimbiaji. Zaidi ya nusu lita kidogo kwa saa inakupa kama gramu 35. Ongeza ndizi moja au tende ndogo nne na umefika 60.

Usitumie pakiti ya ORS kwa kazi hii. Ina glukosi gramu 13.5 tu kwa lita, kwa sababu ilitengenezwa kurudisha maji kwa anayeharisha. Itakunywesha, haitakulisha.

Na utumbo hufundishwa kama miguu. Anayejaribu gramu 60 kwa saa mara ya kwanza siku ya mashindano atatapika, kisha atasema sukari haimfai. Anza na 20, Jumamosi kwa Jumamosi.

Kichwa kinagonga, vidole vimevimba, na maji umekunywa sana

Simama hapa, hili ni la hatari. Watu husoma dalili hizi kama upungufu wa maji na kuongeza mengine. Ikiwa umekunywa kila kituo kwa saa nne, pete imebana kidoleni, unahisi kichefuchefu na unaongea ovyo, huenda sodiamu (madini ya chumvi) ya damu imeshuka kwa sababu maji yameizidi. Mizani inasema ukweli: anayekosa maji anamaliza mbio akiwa mwepesi kuliko alivyoanza, aliyezidisha anamaliza mzito. Asipewe maji zaidi. Akichanganyikiwa au kupata degedege, apelekwe hospitali mara moja.

Kwa mazoezi ya kawaida, jipime kabla na baada, bila nguo zilizolowa jasho. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho ambayo hukuirudisha. Kupungua kidogo hakuna ubaya.

Miguu mizito tangu Jumanne

Hapa ndipo wengi walipo, na hapa ndipo lawama huenda kwa kila kitu isipokuwa chakula. Jumanne marudio ya mita 1000 yalikwenda vizuri. Jumatano mbio nyepesi ilikuwa ngumu. Alhamisi mwendo ambao kila wiki unauweza ukakushinda, ingawa mapigo ya moyo hayakupanda sana. Moyo una nafasi, miguu haina. Hiyo ni sura ya ghala linalojazwa robo tatu kila siku na kukombwa lote.

Kujaza glaikojeni iliyokwisha huchukua kama saa 24, tena ukiwa unakula wanga wa kutosha. Ukikosa gramu 100 leo, kesho unaanza na pungufu, keshokutwa pungufu zaidi. Siku moja haikuonyeshi kitu. Siku ya nne unafikiri umelogwa.

Ukifuatilia daftari, pengo huwa palepale: kati ya mazoezi ya alfajiri na chakula cha mchana. Mtu anamaliza kilomita 20 saa moja na nusu asubuhi, anakunywa chai ya rangi na kipande cha muhogo, anakwenda kazini, anakula saa nane mchana. Saa sita zimepita na misuli haijapata kitu, na jioni anarudi uwanjani. Kama mazoezi mawili yametengana kwa chini ya saa nane hivi, saa nne za kwanza ni za dhahabu: gramu moja ya wanga au zaidi kidogo kwa kila kilo ya mwili kwa kila saa, na protini kama gramu 20. Uji mzito wenye maziwa na sukari, ndizi mbili na mayai mawili ni mwanzo mzuri. Kama mazoezi yanayofuata ni kesho asubuhi, haraka hiyo haina maana; jumla ya siku ndiyo inayohesabika.

Kazi pia ni mazoezi. Nimewahi kumfundisha kijana aliyekuwa anakimbia kilomita 90 tu kwa wiki na kuchoka kama wa 160. Nilimwuliza mambo ya usingizi, ya mapenzi, ya minyoo. Siku moja nilipita mtaani nikamkuta anabeba zege ghorofa ya tatu. Hakuwahi kunitajia kwa sababu sikuwa nimeuliza, na mpango wake wa kula nilikuwa nimeuandika kana kwamba baada ya mbio analala. Kosa langu. Kulima, kupiga tofali, kutembea kilomita sita kwenda chuo: yaandikwe daftarini pamoja na kilomita.

Siku ya gramu 500 za wanga, kwa mtu wa kilo 60, inaweza kuwa hivi. Kabla ya mbio, chai ya vijiko vitatu vya sukari na vipande viwili vya mkate. Baada yake, uji wa unga gramu 60 wenye vijiko vinne vya sukari, na ndizi mbili. Mchana, wali wa mchele gramu 200 na maharage. Saa kumi, chai na viazi vitamu robo kilo. Usiku, ugali wa unga gramu 150, na mboga na dagaa. Siku ya kupumzika ondoa uji wa sukari na viazi vya saa kumi, punguza wali nusu, ongeza mboga. Huhitaji menyu mbili.

Kipimo cha kuthibitisha: kwa siku tatu ongeza gramu 100 hadi 150 za wanga kila siku, bila kubadilisha mazoezi. Kama miguu inarudi siku ya tatu au ya nne, umepata chanzo. Uzito utapanda, pengine kilo nzima, na hapo wengi hukimbia kurudi walikotoka. Usiogope. Kila gramu ya glaikojeni hulala na kama gramu tatu za maji. Ulichoongeza ni akiba ya safari, si kitambi. Kama siku tano zimepita na miguu bado mizito, ghala halikuwa tatizo. Punguza mazoezi, angalia usingizi, na soma sehemu ya pumzi na damu hapa chini.

Mtu ataniambia: "Mbona Wakenya wanakula ugali tu na wanatushinda?" Wanakula ugali, ndiyo, lakini ugali kiasi gani? Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliopima chakula cha wakimbiaji kumi wa juu wa Kenya wakiwa kambini, ulikuta wanakula gramu 10.4 za wanga kwa kila kilo ya mwili kwa siku, zaidi ya robo tatu ya nguvu yote, pamoja na sukari nyingi kwenye chai ya maziwa. Na bado walikuwa wanakula pungufu ya walichokuwa wanatumia. Kwetu tumeiga chakula tukaacha kipimo. Au, vibaya zaidi, mwenye ofisi anayekimbia kilomita 5 mara tatu kwa wiki ameiga kipimo.

Unaamka usiku wa manane na njaa

Ulikula jioni, umelala saa nne, saa nane macho yako wazi na tumbo linadai. Chakula cha mchana kilikuwa kidogo kwa kazi ya asubuhi. Ongeza mchana, si usiku.

Mlima uleule, pumzi haitoshi

Hii haiji kwa siku. Inaingia polepole kwa wiki sita, nane. Mapigo ya moyo yako juu kwenye mwendo wa kawaida, hasa mlimani, kope kwa ndani zimepauka, unahisi baridi. Tofauti na miguu mizito ya Alhamisi, hapa siku mbili za kula na kulala hazibadilishi kitu. Shuku upungufu wa madini ya chuma, kwa wanawake kwanza, na kwa yeyote aliyehamia nyanda za juu kufanya mazoezi, maana mwili unataka kutengeneza damu zaidi.

Nenda maabara. Omba hemoglobini (wingi wa damu) na feritini (akiba ya chuma) pamoja, kwa sababu feritini huweza kuwa chini wakati hemoglobini bado inaonekana nzuri. Omba pia choo kipimwe: minyoo ya safura hunyonya damu, na hakuna maini yatakayoshindana nayo ikiwa hujanywa dawa. Mkojo mwekundu usiseme ni mazoezi. Kama unaogelea ziwani, inaweza kuwa kichocho.

Upande wa sahani, mshukiwa wa kwanza kwetu ni chai. Tanini za chai hufunga chuma cha mboga na maharage tumboni kisitumike, nasi tunakunywa chai pamoja na chakula, asubuhi na jioni. Usiiache chai, itenge: saa moja au mbili baada ya mlo. Kwenye mlo wenyewe weka ndimu, chungwa au pera, kwa sababu vitamini C hufanya kinyume cha tanini. Chuma cha dagaa, nyama na maini kinachukuliwa kirahisi zaidi kuliko cha mchicha. Na kuna jambo la saa: baada ya mazoezi magumu, homoni iitwayo hepsidini hupanda na kuzuia chuma kupita, ikifika kilele saa tatu hadi sita baada ya kumaliza. Mlo wako wa chuma uwe mara tu baada ya mazoezi ya asubuhi, si wa saa saba mchana.

Vidonge usimeze kwa kubahatisha. Chuma kikizidi nacho ni sumu.

Hedhi imepotea, ugoko unauma mahali pamoja

Wasichana wengi wanaambiwa, na makocha wanaume wenzangu, kwamba hedhi ikikata ni ishara ya kuiva kimazoezi. Ni uongo, na umevunja mifupa mingi. Mwili ukinyimwa chakula huanza kuzima huduma: uzazi kwanza, kisha ujenzi wa mifupa, kinga, hata hamu ya mapenzi kwa wanaume. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina rasmi mwaka 2014, ikisisitiza kwamba na wanaume wamo.

Hesabu yake inatisha kwa jinsi ilivyo ya kawaida. Chukua dada wa kilo 50, ambaye mwili wake ukiondoa mafuta ni kilo 40. Anakula kilokalori 2,000, sahani ambayo nyumbani wataiona ya kutosha. Anakimbia kilomita 16, anatumia 800. Zimebaki 1,200 za kuendesha mwili mzima: 30 kwa kila kilo isiyo mafuta. Inayofaa ni kama 45. Chini ya 30 ndipo matatizo yanapoanzia. Hajajinyima, hajafunga, na amesimama ukingoni.

Hedhi ikikosekana miezi mitatu kwa asiye mjamzito, au ugoko ukiuma sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole kimoja, acha kukimbia na umwone daktari. Nyumbani, njia rahisi ni kuongeza kilokalori 300 hadi 500 kwa siku, na nyingi zije na mafuta: karanga, parachichi, tui la nazi kwenye wali. Ukiongeza kwa kabichi, tumbo litajaa kabla hesabu haijatimia.

Ramadhani

Huwezi kula mchana, kwa hiyo mazoezi ndiyo yanayoifuata sahani, si sahani kuyafuata mazoezi. Mbio nyepesi ziwe kama dakika 40 kabla ya magharibi, futari ikukute unamaliza. Mazoezi ya kasi yawekwe baada ya tarawehe. Mbio ndefu zipunguzwe mwezi huo, na asiyetaka kupunguza aniambie atanywa wapi. Kosa ninaloliona pwani ni kufuturu kwa tende na uji, kujaza tumbo kwa vya kukaanga, kisha kulala na kuruka daku. Daku ndiyo sahani ya jana yako.

Umeumia, na sahani bado ni ya Jumamosi

Mwezi mzima umefunga kifundo cha mguu, kilo tatu zimeongezeka, nawe unashangaa. Sasa wanga ushuke hadi gramu 3 hadi 4 kwa kilo: ondoa sukari ya uji, punguza ugali, mkate wa saa kumi uache. Lakini usikate vyote kwa hasira. Kidonda na mfupa vinajengwa kwa chakula, na protini ibaki juu, karibu na gramu 2 kwa kilo, kwa sababu misuli isiyotumika huyeyuka haraka. Siku daktari akikuruhusu kukimbia dakika 20, usirudishe sahani ya kilomita 30.